Ubao Wetu Uliobaki Chebunyo

Mmeniuliza, kila mmoja kwa wakati wake na wote kwa pamoja, ubao uko wapi. Nimewajibu kwamba nina malaria. Jumatatu nilifunga duka siku nzima, na Jumanne nikafungua nusu mlango, nikauza misumari kupitia mwanya kama mtu anayeuza magendo. Sasa malaria imeisha na uongo umeisha. Nitawaeleza yote, lakini kwa maandishi, katika daftari hili, kwa sababu nawajua. Nikianza kusimulia hapo barazani hamtanifikisha hata Kapkatet. Mtanikatiza, na kila mmoja atasema yeye angefanya nini.

Kwa yeyote atakayelisoma na si mtu wa Roret: mimi ni Njoroge, nauza misumari, mabati na rangi katika duka alilofungua baba yangu alipokuja huku kutoka Murang'a, kabla sijazaliwa. Mbele ya duka kuna baraza, na barazani kwa miaka mingi kumekuwa na ubao wa drafti. Ubao huo ulikuwa mlango wa kwanza wa duka la baba, uliokatwa siku tulipoweka mlango wa chuma. Miraba myeusi aliichoma marehemu mzee Tonui kwa chuma cha moto, mmoja baada ya mwingine, na mmoja wa pembeni ulimponyoka ukaenda upande. Kete zetu ni vifuniko vya soda, vyekundu na vyeupe. Juu ya ubao huo nimekuwa bingwa wa Roret kwa miaka kumi na mmoja.

Chebunyo walipotangaza mashindano ya drafti kati ya vituo vya biashara, masharti yalikuwa mawili. Kila kituo kipeleke mchezaji mmoja na ubao wake, na anayetolewa aache ubao wake kwa aliyemtoa. Hamkupiga kura. Nilijichagua mwenyewe, nikajipongeza mwenyewe. Bett, fundi viatu ambaye stuli yake imekuwa nyuma ya kiti changu tangu zamani, akasema angependa kunisindikiza. Nilimjibu mbele yenu wote kwamba bingwa hahitaji mpambe, na kwamba abaki na viatu vyake atibu kile kifua chake cha kukohoakohoa. Mlicheka. Yeye hakucheka.

"Sawa, Njoro," alisema. "Lakini hiyo ubao irudi."

Roret hadi Kapkatet, ndani ya lori la majani

Kutoka hapa hadi Chebunyo, mtu mwenye akili timamu akiondoka asubuhi hula chakula cha mchana huko. Mimi niliondoka Ijumaa asubuhi nikafika Jumamosi saa nne, nikinuka mbuzi. Kosa la kwanza lilikuwa kukubali lifti ya lori la majani chai. Dereva ni mteja wangu, na aliniambia tutapitia vituo viwili vitatu vya kupimia majani kisha atanishusha Kapkatet. Vilikuwa tisa. Katika kila kituo wakulima walikuwa wamepanga magunia yao, na karani anapima, anaandika, anabishana, anapima tena. Mimi nilikaa mbele nimepakata ubao, ambao mke wangu alikuwa ameufunga kwa shuka nyeupe safi na kuukaza kwa utepe wa zambarau uliobaki kwenye harusi ya dada yake. Nilimwambia gunia lingetosha. Akasema siwezi kwenda kuwakilisha Roret na gunia. Ikumbukeni hiyo shuka.

Katika kituo cha tano mizani ilikataa. Mshale uliganda mahali pamoja, ukapigwa kofi, ukaganda zaidi. Karani akapiga simu kuomba mizani nyingine, na sote tukajua maana yake ni saa mbili za kukaa. Nikaona hii ndiyo nafasi ya kuwaonyesha watu wa huko bingwa anafanana vipi. Nikaufungua ubao juu ya meza ya kumwagia majani, nikapanga kete, nikauliza kwa sauti kama kuna mtu.

Akaja mama mmoja mwenye gamboti na aproni ya plastiki, vidole vyeusi kwa utomvu wa chai. Alisema alikuwa akicheza na kaka zake akiwa msichana, basi. Watu kama ishirini walituzunguka. Mnajua inavyokuwa: huyu anaguna, yule anavuta pumzi, mwingine anasema "aai" polepole mkono wangu ukikaribia kete fulani. Mwanzoni mama alinibana hadi nikatoka jasho, lakini mwishowe nilimla tatu kwa mpigo na watu wakapiga makofi. Nilijipiga kifua. Nikamwambia asijali, hata kwetu Roret wanaume wazima wananiogopa.

Mama alikuwa ananitazama usoni. Ubao hakuutazama tena.

"Wewe huangalii mchezo," alisema. "Unaskiza watu."

Nilimjibu kwamba bingwa anaweza kufanya yote mawili. Akalibeba gunia lake akaenda kupanga laini, maana mizani nyingine ilikuwa imefika.

Kapkatet, mahali nilipofiwa

Lori liligeukia kiwandani, mimi nikashushwa Kapkatet mvua ikianza. Ilikuwa ile mvua yetu ya saa nane mchana ambayo haibishi hodi. Nilikimbilia kibanda cha chai kilicho kando ya lango la hospitali, nikasimama chini ya mabati nimekumbatia ubao kifuani usilowe. Moshi wa jiko ukaniingia machoni. Sasa nichoreeni picha: mwanamume wa makamo amelowa chapachapa, macho mekundu, amesimama nje ya hospitali amekumbatia kitu bapa kilichofungwa kwa shuka nyeupe na utepe wa zambarau. Mimi sikujiona, na hiyo ndiyo iliyokuwa shida.

Kibandani walikuwepo akina mama saba wa kanisa moja la Bomet, waliokuja kumwona mgonjwa. Mkubwa wao, aliyeitwa Mama Chelangat, alinitazama kwa muda, kisha akaja akaniwekea mkono begani.

"Pole sana, baba," alisema. "Ni nani wako?"

Naapa nilitaka kusema ukweli. Lakini wakati huohuo mwenzake alikuwa anafunua bakuli la chapati, na kando yake palikuwa na dengu na chupa kubwa ya chai. Tangu asubuhi nilikuwa nimekula upepo wa dirisha la lori. Nikafungua mdomo, na jina lililotoka ni lile lililokuwa karibu zaidi, la mtu aliyeichoma ile miraba niliyokuwa nimeikumbatia. Nikasema, Tonui.

Hawakuuliza zaidi. Walidhani ni ule ubao wa jina unaosimamishwa kaburini, kwa hiyo waliupokea kwa mikono miwili wakaulaza kwenye benchi, nao wakabaki wamesimama. Mimi nikapewa chapati tatu. Kisha wakaniombea. Mama Chelangat aliomba kwa Kiswahili ili nielewe, ingawa Kipsigis nakielewa tangu utotoni. Alimshukuru Mungu kwa maisha ya Tonui, kwa kazi ya mikono yake na kwa marafiki aliowaacha. Nilikuwa kwenye chapati ya pili. Nikaacha kutafuna.

Mnajua kwamba siku tulipomzika mzee sikulia. Nilikuwa nakimbizana na viti na turubai, nikijifanya mtu wa kamati, nikiwafokea watu wa vyombo vya muziki. Pale Kapkatet, mdomo umejaa chapati, nikalia. Nilimlilia Tonui kweli kweli, na nililia kwa aibu pia, na akina mama wakadhani yote ni uchungu wakaniongezea chai. Ilikuwa na maziwa mengi na tangawizi. Sijawahi kunywa chai nzuri kama ile, na sikuistahili.

Kapkatet hadi Bomet, katika kiti cha mfiwa

Waliponiuliza naelekea wapi, nikasema Chebunyo, kesho. Wakatazamana. Kwao hiyo ilimaanisha kwamba mazishi ni kesho, Chebunyo. Wakasema haifai nisafiri peke yangu na mzigo kama huo, na basi lao dogo lilikuwa linarudi Bomet. Nikaketishwa mbele, kando ya dereva, mahali pa mfiwa, ubao magotini. Tulipita Kaplong chai ikiwa imeoshwa na mvua pande zote mbili za barabara. Akina mama waliimba nyimbo za faraja, na kila wimbo ulipoisha mmoja wao aliniuliza kitu kuhusu marehemu. Alikuwa mtu wa namna gani? Nikasema alikuwa mvumilivu. Alipenda nini? Nikasema alipenda kukaa na watu. Aliacha nini? Hapo nilifikiri kidogo, nikasema aliacha mahali pa kukaa.

Nilijaribu kuungama mara mbili. Mara ya kwanza dereva alifunga breki ghafla kwa sababu ng'ombe walikuwa wanavuka. Mara ya pili nilisema kwamba kuna jambo sijawaeleza, na Mama Chelangat akanijibu kwamba si lazima nieleze, Mungu anajua. Nilinyamaza, na sitaficha kwamba nilinyamaza kwa furaha.

Tulipoachana Bomet aliniuliza mazishi ni saa ngapi na ni upande gani wa Chebunyo. Nikamtajia saa nne, karibu na shule, kwa sababu hiyo ndiyo saa na ndipo mahali pa mashindano, na kichwa changu kilikuwa kimechoka kutunga. Nilikuwa na hakika hakuna mtu wa Bomet atakayekwenda hadi Chebunyo kumzika mtu asiyemjua. Nimeishi na Wakipsigis maisha yangu yote, nimekula katika kila matanga kutoka Roret hadi Litein, na bado nilifikiri hivyo.

Bomet hadi Chebunyo, pamoja na mbuzi

Nililala Bomet, na asubuhi niliambiwa gari la Chebunyo litaondoka sasa hivi. Hiyo sasa hivi naijua, hata mimi huitumia kwa wateja wanaongoja saruji. Nikapata mwanamume mmoja mtaratibu, wa umri wangu, ambaye alikuwa anarudi Chebunyo na pikapu yenye mbuzi kumi na wawili waliokosa mnunuzi. Aliitwa Cheruiyot. Viti vya mbele vilikuwa vya mke wake na mama yake, kwa hiyo nilipanda nyuma. Kabla ya kupanda nilimwarifu kwamba mimi ni bingwa wa drafti, naenda kuwanyang'anya watu wa Chebunyo mbao zao. Aliniangalia, akaniangalia tena, akaniomba nimshikie yule mbuzi wa kahawia kwa sababu ana tabia ya kuruka.

Tulipopita Sigor chai ilikuwa imeisha kabisa. Mimi mtu wa Bureti, upande wetu wa Roret, nikikosa kuona chai kwa dakika kumi huanza kuhisi nimepotea. Ardhi ililala, miti ikawa ya miiba, vumbi likawa jepesi, na ng'ombe wakawa wengi kuliko watu. Nilikuwa nayatazama hayo yote kwa makini ya msafiri nilipohisi kitu kinavuta magotini. Mbuzi mmoja mweupe mwenye ndevu alikuwa amekwisha kula nusu ya utepe wa zambarau. Nikamvuta upande huu, mwenzake akaanza pembe ya shuka upande ule. Nikamwachilia wa kahawia ili nipate mkono wa pili, naye akaruka juu ya mfuko wa kete.

Cheruiyot alisimamisha gari, akamkamata mbuzi wake, akanisaidia kuokota. Kete mbili nyeupe zilipotelea barabarani na hatukuziona tena. Sikutaka kwenda kuomba kete za ugenini, kwa hiyo nikang'oa vifungo viwili vyeupe vya shati langu, vile vya tumboni, nikavitia mfukoni. Mama yake Cheruiyot, aliyekuwa ametazama yote kupitia kioo cha nyuma, alinipitishia dirishani kikombe cha mursik, yale maziwa ya mgando ya kibuyuni. Nilikunywa nusu. Nusu nyingine ililiangukia shati gari lilipoondoka.

Basi hivyo ndivyo Roret ilivyowasili Chebunyo: tumbo nje, mursik kifuani, shuka imetafunwa pembe tatu.

Chebunyo, ndani ya kimya

Mashindano yalikuwa katika darasa la shule, na mwamuzi alikuwa mwalimu mkuu mstaafu ambaye kila mtu, hata wazee wenye fimbo, alimwita Madam. Alisoma kanuni akiwa amesimama mbele ya ubao wa chaki. Ukigusa kete umeicheza. Ukiona ya kula lazima ule. Watazamaji wote wakae nyuma ya kamba ya katani, hatua kumi kutoka mezani, na atakayetoa sauti yoyote, hata ya kukohoa, atatoka nje. Nilizikubali zote kwa kutikisa kichwa. Kisha zikapigwa kura za nani acheze na nani, nami nikapangwa na Cheruiyot wa mbuzi. Tulipopeana mikono aliniuliza kwa upole kama vifungo bado ninavyo.

Ilikuwa ashinde atakayechukua michezo miwili kati ya mitatu. Tukaanza. Hatua za kwanza nilizicheza haraka, kwa madaha, kama ninavyofanya hapa. Halafu mchezo ukakaza. Nikainua mkono juu ya kete ya kushoto, nikasubiri. Sijui nilikuwa nasubiri nini. Nikauhamishia juu ya kete ya katikati, nikasubiri. Nzi alikuwa anatembea dirishani, na nilimsikia. Nikauhamishia mkono juu ya kete ya kulia, jasho likinitiririka mgongoni, kisha nikafanya jambo ambalo mwili wangu umelifanya miaka kumi na mmoja bila kuniambia. Niligeuka nyuma.

"Njoroge," alisema Madam. "Kuna nini huko nyuma?"

Nikajibu kwamba hakuna kitu, Madam. Nilipolisema ndipo nilipolielewa.

Bett, kile kikohozi chako. Kila nilipoweka mkono juu ya kete mbaya, ulikohoa. Nilipouhamishia juu ya kete nzuri, ulinyamaza. Nilidhani ni gundi ya viatu. Nimekupa ndimu, nimekupa asali ya Mau, nimekununulia dawa ya kifua chupa mbili na kukufokea ukamwone daktari, na kumbe kifua chako ni kizima kuliko changu. Sisemi ulifanya hivyo kwa hila. Nadhani ulikuwa unaumia tu kuona naharibu, kama mtu anayemwona mwenzake anamwaga maziwa. Nanyi wengine msicheke, kwa sababu yule aliyeguna ni nani, na yule aliyekuwa akivuta hewa kwa meno ni nani?

Nikamkumbuka Tonui. Kila nilipomshinda alikuwa anainuka anampa Bett mkono kwanza, halafu mimi. Miaka yote hiyo niliamini ni kwa sababu Bett alikuwa karibu na njia ya kutokea. Mzee alijua, na aliendelea kuja kila siku kunywa chai yangu na kushindwa na sisi watu sita wa baraza kwa pamoja, akitabasamu.

Mkono wangu ulikuwa bado juu ya kete ya kulia. Ukachoka, ukaigusa. Ilikuwa ndiyo mbaya. Mchezo wa kwanza nilishindwa.

Katika wa pili nikapiga moyo konde, nikaamua kucheza mwenyewe, kwa macho yangu mwenyewe, kwa mara ya kwanza tangu niwe mtu mzima. Katikati yake mlango wa darasa ulifunguliwa taratibu. Aliingia Mama Chelangat na wenzake wawili, vitambaa vyeusi kichwani, mmoja amebeba sufuria iliyofungwa kwa leso. Walikuwa wameuliza mazishi ya saa nne, wakaambiwa leo hakuna mazishi Chebunyo, lakini kuna mgeni hapo shuleni mwenye shuka nyeupe. Akasimama nyuma ya kamba. Alinitazama mimi, akautazama ubao, akaitazama shuka iliyotafunwa, akautazama ubao tena. Hakutoa sauti. Natamani angetoa.

Cheruiyot alisukuma kete moja mbele yangu, bure kabisa. Kanuni ni kanuni, nikala. Naye akala tatu kwa mpigo, mbili kati yake zikiwa vifungo vya shati langu. Nilishindwa. Haikuchukua muda.

Nikaufuta ubao kwa kiganja nikampa. Nilikuwa nasikia sauti ya Bett: hiyo ubao irudi. Cheruiyot aliugeuza akaona bado una alama za bawaba za mlango. Akaugeuza tena, akapitisha kidole gumba juu ya ule mraba ulioenda upande, akaniuliza aliyeuchoma ni nani. Nikamwambia. Akauliza kama yuko hai. Nikasema hapana, na Mama Chelangat, kule nyuma ya kamba, akainamisha kichwa.

"Nitaitundika kwa ukuta, sitaicheza," alisema Cheruiyot. "Mkono yako ilikuwa inangoja mtu. Huyo mtu akikuja tucheze, na akinishinda, aende nayo."

Nje, kwenye ngazi za darasa, nikamweleza Mama Chelangat kila kitu: drafti, utepe wa harusi, moshi, bakuli la chapati. Alisikiliza hadi mwisho bila kunisaidia hata kwa neno moja. Nilingoja anitukane, na ningemshukuru.

"Ungesema tu una njaa," alisema.

Kisha akauliza kama kweli Tonui alikuwepo. Nikasema alikuwepo, tulimzika mwaka jana, na sikulia hadi jana pale kibandani. Akasema basi maombi hayakupotea. Akaifungua leso. Ndani ya sufuria kulikuwa na ugali wa wimbi na mboga ya isagek iliyopikwa kwa maziwa, chakula cha watu wengi waliotarajiwa kuchoka kwa kilio. Tulikula sisi, akala Cheruiyot, na Madam akapelekewa sahani. Hakuna aliyeniambia pole tena.

Kurudi

Akina mama walinirudisha hadi Bomet. Safari hii nilikaa kiti cha nyuma kabisa, juu ya gurudumu, na hakuna aliyeniimbia. Kutoka hapo nilifika nyumbani Jumamosi hiyohiyo jioni bila kusimama na bila kuchelewa, kwa kuwa sikuwa nimebeba kitu isipokuwa shuka. Mke wangu aliikunjua, akatazama dunia kupitia matundu yake, akanitazama mimi kupitia tundu kubwa zaidi. Akasema afadhali ningekwenda na gunia.

Hiyo ndiyo habari yenyewe. Ubao wa Tonui uko Chebunyo, kwenye ukuta wa mtu mwema, na umeenda huko kwa sababu ya kiburi changu. Kama ningemwacha Bett aje, hata akiwa nyuma ya kamba, ningeuona uso wake na labda ungetosha. Au ningejua mapema kwamba yeye ndiye aketi. Bingwa wa Roret kwa miaka kumi na mmoja hakuwa mimi. Mimi nilikuwa mkono. Naona aibu kuliandika hilo, na bado tangu nilipolielewa nimekuwa nikilala vizuri.

Jana nilikata kipande cha plaiwudi nikachora miraba kwa penseli ya seremala. Yote imenyooka, ndiyo maana siipendi. Nilimvuta Bett kwa mkono nikamketisha kwenye kiti changu, naye alikaa pembeni kabisa kama mtu aliye ofisini kwa chifu. Mimi nikasimama nyuma yake, penye stuli yake. Alishinda michezo mitano bila kuinua sauti, na mimi sikujua nifanye nini na mdomo wangu. Nilimnong'oneza ubao uko wapi, naye amekwisha kuuliza njia ya Chebunyo. Nilimwomba nimsindikize. Akasema atafikiria.

Sasa naandika haya kwenye kaunta, na amesimama nyuma yangu anasoma, ingawa nimemkataza. Pale kwenye mchezo wa pili nilikuwa nimeandika kwamba nilishindwa kwa taabu sana, baada ya mapambano makali yaliyowaacha watu wa Chebunyo midomo wazi. Bett akakohoa. Nimeyafuta, nikaandika kama mlivyosoma.